Mimba ya miezi sita, choo hakitoki, na chupa ya mama mkwe iko kabatini

Shikamoo shangazi,

Naomba usinitaje jina maana mawifi zangu wote wanasoma hii safu. Nina miaka 27, nipo Mbagala, mume wangu ni dereva wa malori anapeleka mizigo Lubumbashi, akiondoka kumuona tena ni wiki tatu mpaka mwezi. Nina mimba ya wiki 25. Ya kwanza iliharibika mwaka juzi ikiwa na miezi mitatu, kwa hiyo hii naibeba kama nimebeba yai.

Shida yangu inatia aibu ila ntasema tu. Sipati choo. Siku nne zinapita, saa nyingine tano, na kikija ni vigololi kama vya mbuzi, naumia mpaka machozi yananitoka, na wiki iliyopita nimeona damu kidogo kwenye tishu. Ila kinachonitisha zaidi sio maumivu, ni kule kujikamua. Naogopa nikisukuma sana mtoto atatoka kama wa kwanza, kwa hiyo nikiona kinagoma nanyanyuka naondoka, najiambia kesho.

Mi ni mama lishe, nina kibanda karibu na stendi. Saa kumi alfajiri nishaamka, saa kumi na mbili masufuria yapo jikoni, nafunga saa tisa. Choo cha pale ni cha kulipia mia tatu na mlango haufungi vizuri, basi nimejizoesha kutokunywa maji mpaka nirudi nyumbani, na hata tumbo likinishtua mchana nabana tu. Kula nako nikishamaliza kuhudumia watu hamu yote imeisha, maharage nayachambua mwenyewe nayapika mwenyewe lakini harufu yake siku hizi inanichefua, nakula chapati mbili na chai ya rangi basi, usiku wali. Matunda nilikuwa napenda papai, jirani akaniambia linatoa mimba nikaacha. Udongo natafuna kidogo, ile pemba ya sokoni, ila sio sana.

Kliniki wiki ya 20 walinipima damu ikasoma 9.8, wakanipa vidonge vya damu. Nimekunywa kama wiki mbili, choo kikawa cheusi alafu ndo kikagoma kabisa. Nikaacha. Nesi aliponiuliza nikamwambia nakunywa, akaandika kwenye kadi. Pakiti zote nimezificha ndani ya lile sufuria kubwa la pilau ambalo halitumiki mpaka kuwe na shughuli.

Sasa mama mkwe amekuja kutoka Dodoma kunisaidia. Ni mtu mwema shangazi, sina baya la kumsema, ananifulia, anadeki, ananiamsha kwa upole. Amekuja na kiroba, ndani kuna karanga, unga wa ubuyu, mlenda uliokaushwa, na chupa ya soda imejaa kitu cheusi. Choo chetu ukuta ni bati, anasikia kila kitu, kwa hiyo kajua. Anasema ile chupa ni shubiri imechemshwa na mizizi alafu kachanganya mafuta ya nyonyo, nusu glasi usiku, asubuhi tumbo jeupe, ye kanywa kwa mimba zake zote na ana watoto saba wazima. Nimemwambia ntakunywa mwanae akirudi, anarudi mwisho wa mwezi. Mume nilipompigia kasema msikilize mama, anajua.

Kuna dada mwingine nimeona status yake anauza unga wa prebayotiki wa wajawazito, kopo elfu 65, anasema ni bakteria hai wanasafisha utumbo na kwa sababu ni asili hauna madhara. Nimeanza kuchanga hela.

Ninywe chupa ya mama au ninunue kopo? Nisipoinywa atajisikiaje, na hajanikosea kitu? Na nesi ntamwambiaje, kliniki ni baada ya siku 12.

Mwenye aibu, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Aibu iache hapo mlangoni, maana kukosa choo kwenye mimba ni jambo la kawaida mno, ukikaa kwenye benchi la kliniki ukauliza taratibu utashangaa wangapi watacheka alafu waseme hata mimi.

Umeuliza chupa au kopo. Nimesoma barua yako mara tatu na kila nikisoma naona mambo mengine umeyapitia juu juu kama hayana uzito. Maji hunywi mpaka saa tisa. Tumbo likikushtua unabana. Vidonge viko kwenye sufuria la pilau. Na lile neno "kidogo" kwenye udongo, ambalo mi nalijua, maana hakuna mjamzito aliyewahi kuniambia anakula udongo mwingi.

Nianze na hofu yako kubwa. Kujikamua chooni hakutoi mimba iliyokaa vizuri. Mtoto yupo kwenye nyumba yake, mlango wa kizazi umefungwa, na njia ya choo ni nyingine kabisa. Mimba nyingi zinazoharibika miezi mitatu ya mwanzo zinaharibika kwa sababu vinasaba havikukaa sawa toka siku ya kutungwa, sio kwa sababu mama alisukuma, alibeba ndoo au alikasirika. Sijui kama kuna mtu aliwahi kukwambia hivyo, na kama hakuna basi nakwambia mimi, ile haikuwa kosa lako. Kama kliniki hawajakwambia mlango wa kizazi una shida, chooni huendi kuhatarisha mtoto. Unachojihatarishia ni bawasiri, na huenda hiyo damu ya kwenye tishu ni bawasiri au mchubuko, ila waonyeshe, usiseme shangazi kaniambia ni kitu kidogo. Sasa angalia hofu hiyo inavyokuzungusha: unaogopa kusukuma, unanyanyuka, choo kinabaki ndani, utumbo unaendelea kukikamua maji, kesho yake kimekuwa jiwe na hofu imeongezeka.

Mimba yenyewe inachangia. Kuna homoni inaitwa projesteroni, kazi yake ni kulegeza misuli ili mfuko wa uzazi usijikaze kabla ya wakati, lakini haichagui, inalegeza na utumbo, chakula kinatembea polepole kama foleni ya Mbagala Rangi Tatu jioni. Kikikaa muda mrefu kwenye utumbo mpana maji yanafyonzwa. Juu yake mtoto anakua anabana. Juu yake tena vidonge vya damu, ambavyo ni kweli kwa wengine vinafunga choo, hapo hukukosea kuhisi. Alafu chapati na chai. Alafu udongo. Kwa hiyo unaponiuliza kitu kimoja cha kunywa ili kifungue, nashindwa kukujibu kirahisi, maana kilichofunga sio kimoja.

Kuhusu kopo. Yule dada amechanganya maneno mawili yanayofanana. Probayotiki ndo wadudu wenyewe wazuri, kama wale walio kwenye mtindi. Prebayotiki ni chakula cha hao wadudu, nyuzinyuzi na aina fulani za wanga na sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, zinapita nzima nzima mpaka utumbo mpana, kule wadudu wazuri wanazila, wanaongezeka, wanatoa asidi laini ambazo utumbo unazipenda, na choo kinapata ujazo na unyevu. Na hicho chakula chao kiko wapi? Kwenye maharage, kunde, choroko na dengu. Kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu. Kwenye dona. Kwenye viazi vilivyochemshwa vikapoa, maana wanga ukipoa sehemu yake inagoma kusagwa. Yaani wewe mwenyewe unawagawia wateja wako prebayotiki kila siku kwa sahani, alafu unakaa pembeni na chapati mbili za unga mweupe unachanga elfu 65!

Sikucheki, harufu ya maharage kwa mjamzito najua ilivyo. Lakini ni harufu ya yanayochemka ndo inakuchefua au hata yakiwa yamepoa? Wengine wanayaweza yakipoa. Wengine wanashindwa maharage kabisa ila choroko wanaiweza, haina harufu kali. Ukijaribu, loweka usiku, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, na anza na vijiko vitatu vinne, sio sahani. Ukivamia sahani nzima siku ya kwanza utajaa gesi utasema shangazi kaniua. Hao wadudu wakila wanatoa gesi, ni kawaida, tumbo linazoea kwa siku kadhaa. Na nyuzinyuzi bila maji ni kama saruji kavu, utaongeza shida badala ya kupunguza, kwa hiyo suala la maji lazima tulirudie.

Mtindi nao ni mzuri, ila uwe wa maziwa yaliyochemshwa au ya kiwandani, maziwa mabichi yanaweza kuwa na ugonjwa wa brusela na huo haufai kwa mjamzito. Papai aliloliongelea jirani ni bichi lenye utomvu mweupe, hilo ndo linakwepwa. Papai lililoiva vizuri, la njano mpaka kwenye kokwa, kula mwanangu. Ndizi mbivu sawa, zenye ukijani wengine zinawafunga, jiangalie mwenyewe. Na kiporo cha viazi kiwe kimefunikwa na kimepoa vizuri, kama huna friji kisilale mpaka kesho yake, kwenye mimba sumu ya chakula sio ya kuchezea.

Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yao ya 2016 ya huduma za wajawazito, kwenye hili la choo walisema hivi kwa ufupi: kwanza badilisha chakula, ikishindikana ndo pumba za ngano au nyuzinyuzi nyingine. Pumba za ngano! Usicheke, sio za kuku, ni safi za kuliwa, unachanganya kijiko kwenye uji. Kopo linaweza lisiwe na ubaya wowote, sijaliona. Ila chochote kinachouzwa bila orodha ya kilichomo, bila wewe kujua kama ndani kuna majani ya kuharisha yamesagwa, ni kamari, na neno "asili" halikulindi. Shubiri pia ni ya asili.

Tuje kwenye chupa. Hapa sipepesi macho kwa sababu ni usalama wako. Utomvu wa shubiri unaharisha kwa kuuchokoza utumbo, na haushauriwi kwenye mimba. Mafuta ya nyonyo ndo kabisa, tangu zamani wakunga wanayajua kama kitu cha kuanzisha uchungu, wewe una wiki 25. Mizizi hatujui hata ni ya nini. Hata kama haikuanzisha uchungu, kuharisha kupita kiasi kunakausha mwili, na wewe tayari hunywi maji. Mama mkwe alikunywa na watoto saba wazima, simkatalii, lakini yeye anakumbuka watoto saba, hakumbuki damu yake ilikuwa ngapi wala chupa ile ilikuwa kali kiasi gani, na ya safari hii hakuna anayejua vipimo vyake, hata yeye. Kwa hiyo kabla ya kliniki hiyo chupa ikae kabatini.

Lakini swali lako halikuwa la chupa tu, ulikuwa unauliza utamwambiaje bila kumvunja moyo. Njia zipo kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwambia wazi, mama naogopa kwa sababu ya ile mimba ya kwanza. Ni kweli tupu na yeye pia alimpoteza mjukuu, huenda akaelewa haraka kuliko unavyodhani, ila huenda pia akasikia kama unamwambia dawa yake ni sumu. Unaweza kumwaga kidogo kidogo sinkini ukamwambia umekunywa, wengi wanafanya, na ubaya wake ni kwamba asubuhi choo hakijatoka ataona dawa haikukolea, atachemsha nyingine kali zaidi, na wewe tayari una uongo mwingine kwa nesi, utazidiwa kuvikumbuka. Unaweza kwenda naye kliniki, nesi aseme mbele yake, na hapo kuwa makini na namna litakavyosemwa maana baadhi ya manesi wanamkaripia mtu mzima kama mtoto, akirudi nyumbani amenuna hutapata amani. Au unaweza kumpa kazi nyingine.

Hii ya mwisho nimeifikiria sana kwa sababu ya kile kiroba. Umekitaja ukakipita. Unga wa ubuyu una nyuzinyuzi nyingi ambazo wadudu wa tumboni wanazipenda, na una vitamini C. Mlenda ndo huo huo, ute wake ni nyuzinyuzi zinazoshika maji na kulainisha choo. Mama wa watu kakuletea dawa kutoka Dodoma, ila wewe umeiona ile ya kwenye chupa tu, na pengine na yeye pia. Ukimwambia mama, naomba unipikie mlenda ule wa nyumbani na karanga, unikorogee ubuyu asubuhi, huo mweupe usio na sukari, kijiko kimoja kikubwa kwenye glasi ya maji ya kuchemsha yaliyopoa, sijui atajibu nini. Wewe unamjua, mi simjui.

Na huo ubuyu nina sababu ya pili ya kuutaja. Vidonge. Damu 9.8 ni pungufu, kwa mjamzito chini ya 11 tunasema ana upungufu, na siku ya kujifungua unapopoteza damu ndo utaiona tofauti ya aliyejaza na asiyejaza. Nakuelewa kwa nini uliacha, sikulaumu hata kidogo. Choo cheusi ni kawaida kwa vidonge hivyo. Lakini umeacha kimya kimya, na nesi anaamini unakunywa, kwa hiyo damu ikipimwa tena ikawa imeshuka ataanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao hauna. Ukimwambia ukweli ana vya kufanya: kubadilisha aina, kubadilisha kipimo au mpangilio wa siku, kukwambia unywe baada ya chakula, au kukupa dawa ya maji tamu ya kulainisha choo kama laktulosi ambayo wajawazito wanapewa na yenyewe inafanya kazi kwa kulisha hao hao wadudu. Hivyo vyote ni vya kwake kuamua, usijipangie, na duka la dawa usinunue cha kuharisha bila kusema una mimba. Ila ujue vitamini C inasaidia madini ya chuma yaingie mwilini na chai ya rangi inayazuia. Kidonge na ubuyu ni marafiki, kidonge na chai yako ile ya chapati ni maadui, viachanishe kwa saa moja mbili.

Kumwambia nesi itakuwaje? Anaweza kukasirika. Inawezekana kabisa. Unaweza kuanza na "vilinifunga choo mpaka nikatoka damu nikaogopa", uanze na mateso kabla ya kosa, ndo ukweli wenyewe ulivyotokea.

Udongo sasa. Sikwambii acha kesho, najua ile hamu, ile harufu ya mvua ya kwanza mdomoni. Ila mara nyingi hamu hiyo inakuja na upungufu wa damu, alafu udongo wenyewe unashika madini ya chuma usiyapate, unafunga choo, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi, ile metali. Unajizungusha pale pale. Wengine damu ikipanda hamu inapungua yenyewe. Hesabu tu vipande kwa siku mbili, bila kujidanganya, na hilo nalo limwambie nesi.

Limebaki la kibandani, na hili ndo linanisumbua kuliko chupa. Mia tatu mara mbili kwa siku ni mia sita, kwa mwezi inafika kama elfu 18, sio hela ndogo kwa mama lishe, ila ukiiweka pembeni ya kopo la elfu 65 sijui. Mlango usiofunga je, hakuna mwenzio pale anayeweza kukushikia? Au nyumba ya jirani, au msikiti ulio karibu? Au utumbo uufundishe alfajiri, kabla hujatoka: amka, kunywa glasi kubwa ya maji ya uvuguvugu, kula kitu kidogo, alafu nenda kachuchumae dakika tano kumi hata kama huhisi kitu, maana tumbo likipokea chakula linasukuma cha chini. Choo chenu kama ni cha kuchuchumaa ndo kizuri, weka ndoo nzito mbele ya kushikia maana tumbo linakua. Kama ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu. Usibane pumzi, pumua tu. Tatizo ni kwamba saa kumi alfajiri hiyo hiyo mama mkwe anasikia kupitia bati, hilo sina dawa yake, labda washa redio.

Siku kadhaa zitapita kabla hujaona tofauti, chakula hakifanyi kazi kama bomba. Lakini usisubiri siku 12 ukiona haya: hutoi choo wala hewa na tumbo limevimba unatapika, damu inatoka nyingi au choo ni cheusi kama lami hata baada ya kuacha vidonge, homa, tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, maji au damu ukeni, au mtoto amepunguza kucheza. Hapo unachukua bodaboda au bajaji saa hiyo hiyo, hata usiku, na barua yangu unaiacha mezani.

Niandikie ukitoka kliniki. Na nina swali moja, sio la kitaalamu: alipofungua kile kiroba siku ile, ulionja ule ubuyu?

Shangazi